Kuandaa Nyumba Kabla ya Mvua: Mwongozo kwa Kaya za Mgori

Adui mkubwa wa nyumba ya udongo ni maji. Ukuta wa matofali mabichi uliofunikwa vizuri na kukaa mkavu huweza kusimama miaka mingi. Ukuta huohuo ukilowa kitakoni misimu miwili mitatu mfululizo huanza kuliwa, kisha huinama, na mwisho huanguka. Katika kata ya Mgori, Halmashauri ya Wilaya ya Singida, jambo hili linazigusa familia nyingi: zinazoishi kwenye tembe, zenye nyumba za matofali mabichi zilizoezekwa mabati, na hata zile zenye matofali ya kuchoma yaliyojengwa kwa tope badala ya saruji.

Maji yanayoangusha ukuta Februari ndiyo yanayotafutwa kwa ndoo Septemba. Singida iko katika ukanda wa nusu ukame wa katikati ya Tanzania. Mvua yake ni kati ya milimita 500 na 800 kwa mwaka, nayo huja katika msimu mmoja, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili. Baada ya hapo hufuata miezi sita au zaidi ya kiangazi. Kwa hiyo nyumba iliyoandaliwa vyema hufanya kazi mbili kwa pamoja: huyaepusha maji na ukuta, na huyapeleka mahali yatakapotumika.

Wakati wa kufanya kazi

Agosti na Septemba ndiyo miezi inayofaa. Alizeti, mtama, uwele na mahindi yameshavunwa, fedha za mavuno bado zipo, kuta zimekauka, na mafundi wanapatikana bila kugombaniwa. Lipu ya udongo huhitaji wiki kadhaa kukauka hadi ndani, kwa hiyo inayopakwa Novemba hukutwa mbichi na mvua ya kwanza na kubanduka. Inafaa kila kazi ya nje iwe imekamilika ifikapo mwisho wa Oktoba.

Fedha zikiwa chache, kazi hupangwa kwa utaratibu huu: kwanza paa, pili mitaro ya uwanjani, tatu kitako cha ukuta, nne gata na tangi, na mwisho lipu na rangi. Kaya nyingi huanza na lipu kwa sababu ndiyo inayoonekana na wageni. Lakini lipu mpya chini ya paa linalovuja haimalizi msimu.

Paa la bati

Ukaguzi wa paa huanzia ndani. Saa sita mchana, milango na madirisha yakiwa yamefungwa, mtu husimama katikati ya chumba na kutazama juu. Kila tundu huonekana kama nukta ya mwanga, na kila nukta huwekewa alama ya mkaa kwenye papi iliyo karibu. Kazi hii ya nusu saa huonyesha kwa uhakika mahali ambapo fundi atapanda kuziba, badala ya kukisia akiwa juu.

Matundu mengi hayatokani na kutu. Hutokana na misumari iliyopigwa bondeni mwa bati, mahali maji yanapopita, badala ya mgongoni. Msumari wa namna hiyo hung'olewa, tundu huzibwa kwa lami au gundi ya kuzibia mabati, na msumari mpya wenye kofia pana na mpira hupigwa kwenye mgongo wa jirani. Bati lililotoboka sehemu nyingi hubadilishwa. Wakati wa kununua bati jipya, ni vizuri kukumbuka kwamba kadiri namba ya geji inavyokuwa ndogo ndivyo bati linavyokuwa nene: geji 28 ni nene kuliko geji 30, na geji 30 ni nene kuliko geji 32. Alama ya ubora ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, nayo iangaliwe kabla ya kulipa.

Upepo ni hatari ya pili. Singida ni miongoni mwa maeneo yenye upepo mkali nchini, kiasi cha kupimwa kwa ajili ya kuzalisha umeme. Upepo huo huingia chini ya upenu na kulinyanyua paa kutoka chini, hasa paa lenye mwinuko mdogo. Mawe yaliyowekwa juu ya mabati hayazuii jambo hilo. Paa likinyanyuka, mawe hayo huangukia watu. Kinga ya kweli ni kulifunga paa kwenye ukuta: waya mnene au ukanda wa chuma hupitishwa chini ya matofali matatu au manne ya juu, ukazungushwa kwenye mbao inayolala juu ya ukuta, na kenchi zikafungwa kwenye mbao hiyo. Kwenye kingo za paa na kwenye kofia, misumari iwe karibukaribu kuliko katikati. Upenu wa sentimita 50 hadi 60 unatosha kukinga ukuta. Ukizidi hapo unahitaji nguzo, la sivyo utakamatwa na upepo.

Paa la tembe

Tembe ni nyumba yenye hekima ya mahali pake: paa lake la udongo huzuia joto la mchana na baridi ya usiku wa Juni na Julai. Udhaifu wake ni uzito. Kila mwaka tabaka jipya la udongo huongezwa juu ya lililopasuka, na baada ya miaka mingi boriti hubeba mzigo ambao hazikukusudiwa kuubeba. Udongo huo ukilowa, uzito huongezeka zaidi. Ndiyo maana tembe huporomoka usiku wa mvua ndefu, watu wakiwa wamelala.

Utaratibu salama ni kuondoa udongo wa zamani kwanza, sehemu kwa sehemu, kisha kukagua boriti na fito, ndipo kuweka tabaka jipya lisilo nene. Boriti hugongwa kwa rungu dogo: iliyo nzima hutoa sauti kavu, na iliyoliwa na mchwa hutoa sauti ya utupu. Boriti iliyopinda huwekewa nguzo chini yake kabla mtu hajapanda juu. Turubai la plastiki likitandikwa chini ya tabaka la udongo hupunguza sana uvujaji. Paa liwe na mteremko mdogo kuelekea upande mmoja, na maji yatoke kwa mdomo uliochomoza mbali na ukuta.

Kitako cha ukuta

Nyumba isiyo na gata hujionyesha yenyewe. Chini ya upenu kuna mstari wa vishimo vilivyochimbwa na matone, na ukutani, kutoka ardhini hadi usawa wa goti, kuna madoa ya tope lililoruka. Sehemu hiyo ndiyo inayoliwa. Mtu anaweza kuipima kwa msumari: ukisukumwa kwa kidole gumba na kuzama bila taabu, tofali hilo limeshalegea na linahitaji kubadilishwa.

Ukarabati huanza kwa kukwangua sehemu iliyolegea hadi kufikia udongo mgumu. Panaloweshwa kidogo, kisha hujazwa kwa vipande vya tofali na udongo uleule uliojengea nyumba. Saruji tupu juu ya ukuta wa udongo ni kosa la kawaida. Saruji ni ngumu kuliko udongo na haitanuki nao, hivyo huachana na ukuta, na maji yakipita kwenye upenyo hunaswa nyuma yake pasipoonekana. Lipu inayodumu kwenye ukuta wa udongo ni ya udongo na mchanga uliochanganywa na kinyesi cha ng'ombe au majani makavu yaliyokatwakatwa, au mchanganyiko wa chokaa na mchanga. Hupakwa tabaka mbili nyembamba, la pili baada ya la kwanza kukauka.

Nyufa ni za aina mbili. Nyufa nyembamba zilizotawanyika kwenye lipu hutokana na kukauka, na huzibwa tu. Ufa unaokata tofali kwa mshazari, hasa kwenye kona za milango na madirisha, unaweza kuonyesha kwamba msingi unatitia. Ufa wa namna hii huwekewa alama ya mkaa kila mwisho, na tarehe huandikwa pembeni. Baada ya majuma mawili hutazamwa tena. Ukiwa umevuka alama, ukuta bado unatembea, na fundi mwenye ujuzi aitwe kabla ya mvua. Ukuta uliofura, ulioinama, au wenye ufa unaoingiza kidole haufai kulazwa mtu pembeni yake msimu wa mvua. Vitanda vya watoto na wazee vihamishwe siku hiyohiyo.

Mchwa nao hukaguliwa wakati huu. Njia zao za udongo hupanda ukutani kuelekea kenchi. Kuzikwangua peke yake hakutoshi. Chanzo hutafutwa, na kila kuni, ubao au fito inayogusa ardhi na ukuta kwa wakati mmoja huondolewa.

Kwa anayejenga upya, jiwe ni hazina ya Singida. Msingi wa mawe unaoinuka angalau sentimita 30 juu ya ardhi huondoa sehemu kubwa ya tatizo la kitako. Matofali ya kufungamana, yanayotengenezwa kwa udongo na saruji kidogo, kwa kawaida asilimia 5 hadi 10, kisha kushindiliwa kwa mashine ya mkono, hayahitaji kuchomwa. Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi, NHBRA, umeyahimiza kwa miaka mingi.

Kutochoma matofali kuna maana ya pekee mahali hapa. Tanuri moja hula kuni nyingi, na Mgori ina msitu wa miombo wa takriban hekta 40,000 ambao katikati ya miaka ya 1990 ulikuwa miongoni mwa misitu ya kwanza nchini kuwekwa chini ya ulinzi wa wanavijiji wenyewe. Vijiji vitano viliubeba wajibu huo: Ngimu, Pohama, Unyampanda, Mughunga na Nduamghanga. Miti ya kujengea na kuni za tanuri huvunwa kwa kibali, kwa mujibu wa Sheria ya Misitu ya mwaka 2002. Kaya isiyo na hakika ianzie ofisi ya kijiji kabla ya kununua boriti kwa mtu yeyote.

Uwanja na mitaro

Ardhi inayoizunguka nyumba inapaswa kuinama kuelekea nje. Kipimo chake ni rahisi: ndoo ya maji humwagwa ukutani, na njia yanakoelekea hutazamwa. Yakirudi ukutani au kutuama, udongo huongezwa na kushindiliwa hadi yaondoke. Pale nyumba ilipo kwenye mteremko, mtaro huchimbwa upande wa juu, umbali wa mita mbili au zaidi kutoka ukutani, ili maji ya mlimani yapitishwe pembeni. Mtaro huo usielekezwe kwa jirani wala kwenye choo. Maji yake hufaa migomba, mipapai au bustani ya mboga.

Choo cha shimo nacho huangaliwa. Mdomo wake uwe juu ya usawa wa uwanja, na kuwe na tuta dogo kukizunguka. Shimo likijaa maji ya mvua, uchafu hutoka na kusambaa uwanjani ambako watoto hucheza.

Gata na tangi

Hesabu ya maji ya paa ni nyepesi: milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba hutoa lita moja. Paa la mita 8 kwa 10 lina mita za mraba 80. Katika mwaka wa mvua ya milimita 600, paa hilo hupokea lita 48,000. Hata kama sehemu moja kati ya tano itapotea kwa kurukia nje na kukauka, zinabaki lita 38,400. Hakuna kaya ya kawaida yenye tangi la kuyabeba yote, wala si lazima. Linalohitajika ni tangi linalolingana na matumizi ya kiangazi.

Familia ya watu sita inayotumia lita 5 kwa kila mtu kwa kunywa na kupika huhitaji lita 30 kwa siku. Tangi la lita 5,000 likijaa mwishoni mwa Aprili litaihudumia kwa siku 166, yaani miezi mitano na nusu. Maji ya kufua, kuoga na kunyweshea mifugo yaendelee kutoka kisimani au bombani.

Gata hufungwa kwa mteremko wa sentimita moja kwa kila mita, na vishikizo vyake visiachane sana, maana gata linalolegea katikati hutuamisha maji na kuzaa mbu. Kabla ya tangi huwekwa bomba la kupokea maji ya kwanza, ambayo hubeba vumbi la kiangazi, majani na vinyesi vya ndege. Kwa paa la mita za mraba 80, angalau lita 40 za mwanzo za kila mvua iliyokuja baada ya siku kavu zimwagwe. Kaya isiyo na bomba hilo inaweza kuusogeza mdomo wa gata pembeni kwa dakika 15 hadi 20 za kwanza.

Tangi lililojaa la lita 5,000 lina uzito wa tani tano. Likiwekwa juu ya udongo uliojazwa jana hutitia na kupasuka. Jukwaa lake lijengwe kwa mawe na saruji, liwe bapa kabisa, na lisiegemee ukuta wa nyumba. Mdomo wa tangi ufunikwe kwa mfuniko na wavu wa mbu, bomba la kuingiza na la kumwaga ziada nayo yafungwe wavu. Koki iwe sentimita 10 hadi 15 juu ya sakafu ya tangi ili mchanga uliotuama usitoke na maji. Maji ya ziada yaelekezwe kwenye mtaro. Tangi linalomwagikia kwenye msingi hurudisha tatizo ambalo gata lilikuja kuliondoa. Mara moja kwa mwaka, kabla ya mvua, tangi husafishwa kwa brashi na maji safi.

Maji ya kunywa ya watoto

Sababu ya kuyathamini maji ya mvua Singida si uhaba peke yake. Mkoa huu, pamoja na Arusha, Kilimanjaro, Manyara na Shinyanga, ni miongoni mwa mikoa ambayo visima vyake vingine vina madini mengi ya floridi. Kiwango kinachopendekezwa na Shirika la Afya Duniani hakizidi miligramu 1.5 kwa lita. Mtoto anayekunywa maji yenye floridi nyingi tangu utotoni huota meno ya kudumu yenye madoa ya kahawia ambayo hayatoki kwa mswaki, na kiwango kikiwa kikubwa zaidi kwa miaka mingi, mifupa huathirika. Athari ya meno hutokea yakiwa bado yanajengeka ndani ya ufizi, hasa kabla ya umri wa miaka 8.

Floridi haina rangi wala harufu. Kuchemsha hakuiondoi; maji yakipungua jikoni, floridi iliyobaki huzidi kukolea. Magadi yanayotumiwa kulainisha maharage na mboga nayo yanaweza kuwa na floridi nyingi. Kisima kimoja kinaweza kuwa salama na cha jirani kisiwe salama, kwa hiyo jibu hupatikana kwa kupima tu. Wananchi wanaweza kupeleka ombi la upimaji kupitia jumuiya yao ya watumia maji au ofisi ya wilaya ya RUWASA, wakala wa maji vijijini ulioanza kazi mwaka 2019.

Maji ya mvua yaliyovunwa kwenye bati karibu hayana floridi. Hata tangi dogo la lita 2,000, likitengwa kwa ajili ya maji ya kunywa na uji wa watoto wadogo kwa lita 10 kwa siku, hudumu siku 200. Maji hayo bado yachemshwe au kutiwa dawa ya klorini kwa kipimo kilichoandikwa kwenye pakiti, kwa sababu vinyesi vya ndege na popo huleta vimelea. Maji ya paa la tembe au la nyasi hayafai kunywewa; yatumike bustanini.

Chakula ndani ya nyumba

Unyevu unaopanda kwenye sakafu na ukuta huingia pia kwenye gunia. Mahindi na karanga vilivyolowa huota kuvu, na baadhi ya kuvu hizo hutoa sumukuvu. Mwaka 2016 sumu hiyo iliua watu 20 katika mikoa jirani ya Dodoma na Manyara. Nafaka ikaushwe juu ya turubai hadi ikauke kabisa, na magunia yapangwe juu ya chanja, yakiwa mbali na ukuta. Punje zilizobadilika rangi zitupwe. Kuzipika au kuzisaga hakuondoi sumu, na kuwapa kuku au ng'ombe ni kuirudisha sumu mezani kwa njia ya mayai na maziwa.

Makubaliano na fundi

Kazi hata ndogo iandikwe: nini kitafanywa, kwa vifaa gani, kwa siku ngapi na kwa bei gani. Ni salama zaidi kaya ikinunua vifaa yenyewe na kumlipa fundi ufundi wake. Malipo yagawanywe katika awamu, na sehemu ya mwisho ibaki mkononi hadi kazi ikaguliwe. Gata na tangi hukaguliwa kwa kumwaga ndoo kadhaa juu ya bati na kufuata maji hadi kwenye koki, na paa hukaguliwa kwa mwanga wa saa sita, kama mwanzo.

Mvua ya kwanza ndiyo mtihani. Inaponyesha, mwenye nyumba azunguke nje akiangalia gata linapomwagia, mtaro unapoziba na ukuta unapolowa, na kasoro zote zirekebishwe kabla ya mvua ya pili. Kaya isiyoweza kumudu yote mwaka huu ifanye mawili: ichimbe mtaro, ambao gharama yake ni jembe na nguvu za mikono, na itenge hata tangi dogo kwa maji ya kunywa ya watoto.